Kumbi kongwe za mikoani Uingereza: kwa nini zilipona, na radi yao ilitengenezwaje

Swali: Nafundisha sanaa za maonyesho katika shule ya sekondari. Nimesoma kwamba London haina ukumbi wa tamthilia wa karne ya 18 uliobaki na umbo lake, ilhali mikoani, kama Bristol na Richmond ya Yorkshire, zipo kumbi za zaidi ya miaka 200 zinazoonyesha michezo hadi leo. Imekuwaje? Walibadilishaje mandhari bila umeme? Na je, wanafunzi wangu wanaweza kutengeneza radi na mvua kwa njia za wakati ule?

Jibu: Mwalimu, kwa ufupi, kumbi hizo ziliokolewa na ukata. Ukumbi uliokuwa na pesa ulivunjwa ukajengwa mkubwa zaidi, au uliungua. Uliofilisika uligeuzwa ghala, na mwenye ghala hana haja ya kubomoa roshani maadamu mapipa yake yanapita mlangoni.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyoamua kumbi zijengwe wapi na kwa ukubwa gani. Mwaka 1737 Bunge la Uingereza liliweka kila tamthilia mpya chini ya ukaguzi wa afisa wa kasri la mfalme, na likakataza tamthilia za kulipisha popote pasipo na hati ya mfalme. London zilikuwa na hati kumbi mbili, Drury Lane na Covent Garden. Mwigizaji aliyecheza kwa malipo kwingineko alihesabiwa mzururaji mbele ya sheria. Watu wa mikoani hawakuacha kuigiza, walitafuta mwanya. Mtu alikata tiketi ya muziki, kisha akaonyeshwa tamthilia "bure" katikati ya nyimbo. Ndivyo ukumbi wa King Street, Bristol, ulivyofunguliwa tarehe 30 Mei 1766. Tangazo lilisema kutakuwa na muziki na mfano wa ufasaha wa kusema. Huo ufasaha ulikuwa komedia nzima ya sehemu tano.

Kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la kujificha nusu, jengo nalo lilijificha. Lilijengwa nyuma ya nyumba zilizotazama barabara, na mtazamaji alipita ndani ya nyumba mojawapo ili alifikie. Fedha zilichangwa na watu 50, kila mmoja pauni 50, yaani pauni 2,500. Kila mchangaji alipewa tiketi ya madini ya fedha iliyompa aliyeishika haki ya kuona kila onyesho. Angalia neno lililotumika: kuona. Kiti hakikuahidiwa. Ni mpango mzuri wa kupata mtaji siku ya kwanza, ila ukumbi ulibaki na wageni 50 wasiolipa kila usiku, na hao ndio waliokuwa na uwezo wa kulipa.

Polepole miji mikubwa ilipata hati zake: Bath na Norwich mwaka 1768, York na Hull 1769, Liverpool 1771, Manchester 1775, Bristol 1778. Miji midogo ilisubiri hadi 1788, sheria mpya ilipowaruhusu mahakimu wa mahali kutoa kibali cha hadi siku 60. Mwaka huohuo, tarehe 2 Septemba, mwigizaji na meneja Samuel Butler alifungua ukumbi wake Richmond.

Siku hizo 60 ndizo zinazoeleza udogo wa kumbi hizi. Hakuna aliyejenga jengo la fahari kwa kazi ya miezi miwili. Kampuni moja ilikuwa na kumbi kadhaa na ikazizunguka, ikifika kila mji wakati wa gulio, mbio za farasi au vikao vya mahakama, watu wa mashambani wanapojaa mjini. Mzunguko wa Butler ulipita Harrogate, Ripon, Northallerton, Beverley na Kendal. Upande wa mashariki kulikuwa na mzunguko wa Norwich uliomilikiwa na kina Wilkins, baba na mwana. Mwana, William Wilkins, ndiye aliyechora ukumbi wa Bury St Edmunds uliofunguliwa 1819, na baadaye jumba la picha la taifa pale Trafalgar Square.

Wanafunzi wako wanaweza kupiga hesabu ya kampuni ya aina hiyo. Kampuni nyingi ndogo hazikuwa na mishahara, ziligawana mafungu. Gharama za usiku zikishatolewa (mishumaa, kodi, wapiga muziki, matangazo), kilichobaki kiligawanywa. Kila mwigizaji fungu moja. Meneja alichukua lake la kuigiza, kisha manne mengine yaliyoitwa mafungu mfu, kwa sababu ya mavazi na mandhari aliyomiliki. Tuseme waigizaji ni 12 pamoja na meneja, na baada ya gharama zimebaki pauni 12. Mafungu ni 16. Pauni ya wakati ule ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo kila fungu ni shilingi 15. Meneja anaondoka na mafungu matano, shilingi 75. Ugomvi wa kampuni nyingi ulianzia kwenye yale manne.

Mwigizaji alifidiwa kwa usiku wake maalumu. Mara moja katika msimu mapato ya onyesho, baada ya gharama za ukumbi, yalikuwa yake. Alichagua mchezo mwenyewe na akazunguka nyumba kwa nyumba akiuza tiketi. Aliyependwa na mji aliweza kupata usiku mmoja zaidi ya alichopata wiki nyingi. Aliyekosa marafiki, au aliyenyeshewa usiku huo, aliweza kubaki na deni la ukumbi.

Usiku wenyewe ulikuwa mrefu. Ulianza saa kumi na mbili au na nusu jioni kwa tamthilia kuu, katikati zikaingizwa nyimbo na ngoma, mwisho kichekesho kifupi. Baada ya sehemu ya tatu ya tamthilia kuu milango ilifunguliwa kwa nusu bei. Ili kulisha watazamaji walewale kwa wiki kadhaa, kampuni ilihitaji makumi ya michezo iliyo tayari. Mwigizaji hakupewa mchezo mzima. Alipewa karatasi zenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. Kunakili mchezo mzima kwa mkono kwa kila mtu kungekula karatasi na muda, na mchezo wenyewe ungeibiwa na kampuni jirani.

Mandhari nayo ilikuwa akiba ya pamoja: kasri, sebule, barabara, msitu, gereza, kibanda cha maskini, bustani. Msitu mmoja ulitumika kwa kila mchezo wenye msitu. Richmond wanahifadhi mandhari ya msitu iliyochorwa kati ya 1818 na 1836, na inahesabiwa miongoni mwa mandhari kongwe kabisa za jukwaani zilizobaki Uingereza.

Sasa tuingie ndani. Richmond ndiyo ya kuanzia, kwa sababu imeharibiwa kidogo kuliko nyingine. Kibanda cha mkata tiketi bado kipo. Sehemu ya chini mbele ya jukwaa waliiita shimo. Vyumba vidogo vya wenye nafasi vimelizunguka pande tatu juu ya nguzo, na juu yake tena kuna roshani ya watu wa bei ya chini. Bei iliyozoeleka mikoani ilikuwa shilingi 3 vyumbani, 2 shimoni na 1 roshanini. Juu ya vyumba yameandikwa majina ya watunzi wa tamthilia, Shakespeare akiwa katikati. Roshanini kuna mbao ambazo watazamaji walizipiga mateke kuonyesha hisia zao. Ukiwa jukwaani unaweza karibu kuwagusa walio chumba cha kwanza, na ndiyo maana uigizaji wa huko haukuhitaji kelele za kumbi kubwa za London.

Kila upande wa mbele ya jukwaa kuna mlango. Wengi hudhani ni mapambo. Sivyo: waigizaji waliingia na kutoka kwa milango hiyo, mbele ya pazia, na sehemu kubwa ya mchezo ilichezwa hapo mbele kwa sababu ndipo mwanga ulipokuwa. Mandhari ilikaa nyuma yao kama picha. Mtu wa leo akiweka mchezo wote nyuma ya fremu ya jukwaa katika ukumbi wa aina hii, nusu ya walio vyumba vya pembeni hawaoni kitu, kisha jengo hulaumiwa.

Sakafu ya jukwaa imeinama kuelekea watazamaji. Kipimo cha kawaida Uingereza kilikuwa nusu inchi kwa kila futi, yaani 1 kwa 24, kwa hiyo jukwaa la kina cha mita 8 limenyanyuka nyuma kwa sentimita 33 hivi. Mteremko ulimwonyesha aliye shimoni miguu ya mwigizaji wa nyuma, na ulisaidia picha zilizochorwa kwa kupungua ukubwa kuelekea mbali zionekane zina kina cha kweli. Hadi leo mafundi wa jukwaa wa Kiingereza husema "juu" wakimaanisha nyuma. Adha zake ni za kila siku: kiti chenye magurudumu hutembea chenyewe, mlango wa mandhari hujifungua, meza hutakiwa kukatwa miguu ya nyuma, na wachezaji wa ngoma huumia magoti wakizoea sakafu tambarare.

Kuhusu kubadilisha mandhari, Waingereza walikuwa na njia yao na bara la Ulaya lilikuwa na yake. Ya Kiingereza ilitumia mifereji ya mbao. Mandhari ya nyuma iligawanywa vipande viwili, kimoja kila upande, vilivyosukumwa vikutane katikati. Kila kipande kilikaa katika mfereji wa chini uliopigiliwa sakafuni na mfereji wa juu ulioning'inia. Mahali pamoja paliwekwa mifereji mitatu au minne sambamba, kila mmoja na mandhari yake. Mabawa, yaani vipande vya mandhari vya pembeni mwa jukwaa, yalikaa hivyohivyo. Msaidizi mwenye kitabu cha mchezo alipuliza filimbi, watu wa pande zote mbili wakavuta kwa pamoja, sebule ikapasuka katikati na barabara iliyokuwa imesubiri nyuma yake ikaonekana. Pazia halikushushwa. Liliinuliwa baada ya utangulizi na kubaki juu hadi mwisho, kwa hiyo mabadiliko yenyewe yalikuwa sehemu ya raha ya watazamaji.

Kilichoharibika mara nyingi ni mambo madogo. Mtu wa kushoto akisukuma kabla ya wa kulia, mwanya unabaki katikati na watazamaji wanamwona mwigizaji anayevaa. Mbao zikinyonya unyevu hupinda, kipande kikakwama nusu njia, kwa hiyo mifereji ilipakwa sabuni laini na ule wa juu ukaachwa na nafasi zaidi kuliko wa chini. Mwigizaji akisimama mbali nyuma, barabara inafungwa mbele yake na yeye anabaki upande usiofaa. Kwa sababu hiyo mchezo ulipangwa kwa zamu: onyesho fupi la mbele likiendelea, fenicha ya onyesho refu inapangwa nyuma.

Njia ya bara inaonekana vizuri zaidi Drottningholm, Sweden, katika ukumbi uliojengwa mwaka uleule wa Bristol, 1766. Pale mabawa yamesimama juu ya vigari vilivyo chini ya sakafu, na nguzo zake zimepenya kwenye nyufa za jukwaa. Kamba zote zinakwenda kwenye gurudumu kubwa la mbao chini ya jukwaa. Wanaume wachache wakilizungusha, kama mabaharia wanavyovuta nanga, mabawa ya pande zote hubadilika kwa sekunde chache. Ni njia bora kuliko ya mifereji, lakini inataka kina kirefu chini ya jukwaa na seremala wa kudumu. Mfalme alikuwa na vyote viwili, Butler hakuwa nacho hata kimoja. Na hata huko kisa ni kilekile: Mfalme Gustav III alipouawa mwaka 1792 ukumbi ulisahauliwa, ukawa stoo, hadi 1921 mtafiti Agne Beijer alipoufungua akakuta mashine ipo nzima. Kamba mpya zilipofungwa, ikafanya kazi.

Mwanga ulitoka kwa mishumaa na taa za mafuta, juu ya jukwaa na juu ya watazamaji pia, kwani ukumbi haukuzimwa taa wakati wa mchezo. Mishumaa ya nta ilikuwa ghali, ya shahamu ya mnyama ilikuwa rahisi lakini ilinuka na kutoa moshi. Utambi wa kale haukujipinda ukaungua wenyewe kama wa leo, ulirefuka na kufifisha mwanga, kwa hiyo alikuwapo mtu wa kuingia jukwaani na mkasi kuupunguza, mchezo ukiendelea. Ukingoni mwa jukwaa kulikuwa na safu ya taa ambayo ingeweza kushushwa ili kuleta usiku. Taa zilizoning'inia juu ya jukwaa zilidondoshea waigizaji nta na kuwaumiza macho walio roshanini. Mwaka 1765 mwigizaji na meneja David Garrick aliziondoa Drury Lane na kuhamishia mwanga nyuma ya mabawa.

Hapo ndipo moto unapoingia. Covent Garden iliungua tarehe 20 Septemba 1808. Miezi mitano baadaye, tarehe 24 Februari 1809, ikafuata Drury Lane, jengo la mwaka 1794 lenye nafasi ya watu wapatao 3,600. Drury Lane lilijengwa likiwa na pazia la chuma na matangi ya maji darini, na liliteketea hata hivyo. Gesi iliingia kumbi za London mwaka 1817, na iliongeza mwanga na hatari pamoja: mamia ya ndimi za moto wazi karibu na turubai iliyopakwa rangi, kamba na shashi. Mikoani pia waliungua. Exeter walikuwa na ukumbi mpya, usiofikisha hata mwaka, ulipowaka tarehe 5 Septemba 1887 baada ya moto wa gesi kugusa vitambaa vya jukwaani. Watu 186 walikufa, wengi wao kutoka roshani ya bei ya chini, iliyokuwa na njia finyu ya kutokea. Jukwaa refu kwenda juu hufanya kazi kama dohani, na roshani ndiko moshi unakofika kwanza.

Ukumbi mdogo uliofungwa mapema haukupita hatua hizo. Reli ilipoenea kuanzia miaka ya 1840, kampuni za London ziliweza kusafiri na mandhari nzima, nazo zilihitaji jukwaa kubwa na viti vingi. Tajiri wa mji mdogo naye aliweza kupanda treni akaangalie mchezo mjini mkubwa. Mizunguko ikafa. Richmond ilifungwa mwaka 1848. Shimo lilichimbwa likawa mahandaki ya mvinyo, juu yake pakawa mahali pa mnada, baadaye ghala. Ulifunguliwa tena kama ukumbi mwaka 1963. Bury St Edmunds ulikuwa na siku nzuri kwa muda mrefu zaidi, lakini kufikia 1925 kiwanda cha bia cha Greene King kiliufanya ghala la mapipa. Ulirudi kwenye maonyesho 1965, National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, likaukodi kuanzia 1975, na ukarabati mkubwa ukakamilika 2007. Ukumbi wa kina Wilkins wa Cambridge nao umesimama, leo ni kituo cha Wabuddha. Ule wao wa Norwich, uliobaki katika biashara, uliungua mwaka 1934.

Bristol ndio unaotatiza nadharia hii, na vizuri ukautaja darasani. Haukugeuzwa ghala, ingawa ulikaribia: mwaka 1942, vitani, ulipigwa mnada na wapenzi wake wakachanga kuuokoa. Mwaka 1943 baraza la serikali la kuhimiza sanaa wakati wa vita likaukodi, ukawa ukumbi wa kwanza Uingereza kuendeshwa kwa ruzuku ya umma, na 1946 likaundwa kundi la kudumu la waigizaji. Wazo la kundi la kudumu la mkoa, lenye michezo yake na lisilosubiri wageni wa London, lilikuwa tayari: Annie Horniman alilianzisha Manchester mwaka 1908, Liverpool wakafuata 1911, Birmingham 1913. Bristol uliongeza fedha ya serikali. Lakini fedha ilipokuja ya kutosha, katika ujenzi wa 1970 hadi 1972, jukwaa la kale na mashine zilizokuwa chini yake zilibomolewa kupisha jukwaa la kisasa. Sehemu ya watazamaji ikabaki. Ukitaka mfano wa ukumbi kuumizwa na neema, ndio huo.

Ukarabati una kikwazo kimoja kisichokwepeka: idadi ya watu. Bury ulijengwa kwa watu 780, leo unakaa wapatao 350. Wa zamani walibanana kwenye mabenchi yasiyo na migongo. Wa leo ni wapana zaidi, wanataka mgongo wa kiti na mahali pa magoti, na sheria za moto zinadai njia pana. Kwa hiyo ukumbi kongwe hata ukijaa hauwezi kujilipia kwa tiketi peke yake, na wanaosema ujiendeshe kibiashara wangepaswa kuanza na hesabu hiyo.

Sasa radi yako. Bristol wanayo mifereji ya mbao juu ya dari ya watazamaji, iliyomiminiwa tufe za chuma za mizinga. Sauti haitoki kwenye tufe, inatoka kwenye mbao za jengo zinazotikisika, kwa hiyo mtazamaji huisikia kichwani na kitini kwa pamoja. Mwaka 2016, ukumbi ulipotimiza miaka 250, ilinguruma tena.

Shuleni usiweke kitu kizito juu ya watu. Tengeneza mfereji wa mbao wa mita 4, upana wa ndani sentimita 15, kuta za sentimita 15, uukalishe juu ya jukwaa la mbao lenye uwazi chini yake. Ukiuweka juu ya saruji utapata mlio wa kugonga, mngurumo hautakuja. Nyanyua ncha moja sentimita 20. Sakafuni mwa mfereji pigilia vipande vyembamba vya mbao vya unene wa sentimita 1, kwa nafasi zisizolingana: 30, 55, 40, 70. Zikilingana, watu watasikia treni. Tumia tufe la michezo la kilo 4. Mawe madogo na gololi hutoa kelele ya kabati. Mwisho wa mfereji weka gunia la maranda ya mbao, na mtu asiweke mkono hapo.

Kwa mpasuko wa radi iliyo karibu, ning'iniza bati bapa la mita 1 kwa 2 kwa kamba mbili, upande wa chini ufungiwe papi kama mshiko. Bati la migongo halifai, migongo inalikaza lisipinde. Litikise polepole kwanza, kisha kwa nguvu. Wanafunzi wengi huanza kwa nguvu wakabaki hawana pa kupandia.

Mvua ni boksi refu la plaiwudi, mita 2 kwa sentimita 15 kila upande, lililopigiliwa vijiti kwa kupishana ndani, na nusu kilo ya choroko au njegere kavu. Liinamishe taratibu. Ukijaza kilo mbili zitaporomoka mara moja kama mzigo wa mahindi. Kwa manyunyu tumia mchele. Nafaka zibadilishwe kila muhula, la sivyo fukusi watakula mvua yako.

Upepo unataka pipa la kuzunguka lililotengenezwa kwa duara mbili za mbao za kipenyo cha sentimita 60, zikiunganishwa na papi 12 zenye kingo kali, juu ya mhimili wenye mkono wa kuzungushia. Tandika juu yake marekani nzito au turubai, upande mmoja upigiliwe kwenye fremu, mwingine ushonewe papi ya kuuvuta chini. Kitambaa kikilegea hakilii, kikikazwa sana pipa halizunguki. Ukiongeza kasi, sauti hupanda, na kwa hiyo mzungushaji awe mwanafunzi mwenye sikio la muziki. Misuli si kitu hapa.

Wote wanne wakae mahali wanapoliona jukwaa, na aweko mmoja tu wa kutoa ishara kwa mkono au tochi. Mwanga wa radi utangulie, mngurumo ufuate. Sekunde tatu za kimya kati yake ni kama kilomita moja, kwa hiyo dhoruba inayokaribia ihesabiwe sita, kisha tatu, kisha moja.